Mfuko tuliupiga marufuku, plastiki ikabaki udongoni

Ikiwa ipo sheria moja ambayo Wakenya huitaja kwa fahari bila kulazimishwa na mtu, basi ni ile iliyoanza kutekelezwa Agosti 28, 2017. Siku hiyo mifuko ya sandarusi ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini, na kuitengeneza, kuiingiza au kuitumia kukawa kosa la kumtoza mtu faini ya kati ya Sh2 milioni na Sh4 milioni, au kumfunga gerezani kwa muda usiozidi miaka minne. Majaribio mawili ya awali, la 2007 na la 2011, ambayo yalilenga mifuko myembamba pekee, yalikuwa yameambulia patupu. Hili la tatu lilishika. Atakayebisha na aende akatazame nyua za michongoma kando ya barabara zetu: zamani zilichanua mifuko ya kila rangi kana kwamba ndiyo maua yake, na leo zimerudia kuwa michongoma.

Sina nia ya kuipaka matope sheria hiyo. Ninachotaka kusema ni kwamba ilishughulikia kile ambacho jicho huona, na jicho la mwanadamu ni shahidi mvivu. Mifuko iliyokuwa ikipepea juu ya michongoma kabla ya 2017 haikupaa mbinguni. Mingine ilichomwa, mingine ikasombwa na mito hadi ziwani na baharini, na mingine ilichanikachanika juani, ikakanyagwa na ng'ombe, ikalimwa pamoja na magugu na kuingia udongoni. Huko ingali. Plastiki haiozi kama jani la mgomba linavyooza. Hukatikakatika tu, kipande kikizaa vipande, mpaka vikawa vidogo kuliko punje ya mtama, kisha vidogo kuliko vumbi.

Wataalamu wamekubaliana kuviita vipande visivyozidi milimita 5 kwa jina la maikroplastiki. Mimi nitaviita vichembe vya plastiki, maana ndivyo vilivyo. Jina hilo la kitaalamu lilipata umaarufu mwaka wa 2004, pale Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, na wenzake walipochapisha habari za vichembe walivyovipata katika mchanga wa fuo na katika maji ya bahari. Tangu hapo bahari ndiyo iliyonyakua sehemu kubwa ya mjadala, na hilo halishangazi. Kasa wa Watamu aliyemeza plastiki hupigwa picha, na picha hiyo ikazunguka dunia na kulegeza mikono ya wafadhili. Nyungunyungu hana uso wa kupigwa picha. Lakini mimi ni mtu wa bara, na nchi hii hula kutoka shambani kabla ya kula kutoka baharini. Kwa hivyo leo nitamsemea nyungunyungu.

Huyu ni kiumbe ambaye wengi wetu tulimjua utotoni kama chambo cha ndoana, na tulipokua tukamsahau. Hana macho, hana masikio, hana mapafu. Hupumua kupitia ngozi yake, ndiyo sababu hana budi kuwa na unyevu wakati wote. Meno pia hana. Humeza udongo pamoja na majani yanayooza na kuvisaga ndani ya firigisi iliyo kama ya kuku, kwa msaada wa chembe za mchanga. Kinachotoka upande wa pili ni udongo laini wenye naitrojeni na fosforasi ambayo mizizi huweza kuinyonya kwa wepesi zaidi kuliko ile ya udongo uliouzunguka. Nayo mashimo anayoyachimba ndiyo njia za hewa na za maji ya mvua. Shamba lisilo na mashimo hayo, mvua ikinyesha, maji hutiririka juu kwa juu na kwenda zake mtoni pamoja na udongo.

Charles Darwin, ambaye wengi humkumbuka kwa ubishi kuhusu nyani, alikitolea kitabu kizima kiumbe huyu mwaka wa 1881, miezi michache kabla ya kifo chake. Aliwaweka nyungunyungu vyunguni ndani ya nyumba yake huko Kent, akawapulizia filimbi na kuwapigia kelele, wasitikisike. Lakini vyungu vilipowekwa juu ya piano na noti moja nzito ikagongwa, mara wakatorokea mashimoni, maana ijapokuwa hawasikii sauti, mtetemo huwafikia. Mzee huyo alikadiria kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza, zaidi ya tani kumi za udongo mkavu hupita katika miili ya viumbe hawa na kuletwa juu ya ardhi katika kila ekari, kila mwaka. Hakuna trekta inayolima kiasi hicho bila mafuta.

Huenda msomaji akasema hayo ni mambo ya Wazungu wa kale na bustani zao. Basi tuje karibu. Mwaka wa 2014 watafiti walioongozwa na Chuo Kikuu cha Wageningen nchini Uholanzi walikusanya matokeo ya majaribio mengi na kubainisha kwamba palipo na nyungunyungu, mavuno huongezeka kwa wastani wa asilimia 25. Mwaka wa 2023 wenzao wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, walikadiria kwamba viumbe hawa huchangia takriban asilimia 6.5 ya nafaka zote duniani. Katika Afrika iliyo kusini mwa Sahara mchango huo unafikia kama asilimia 10, kwa kuwa mkulima wetu hatumii mbolea nyingi ya dukani wala dawa nyingi, na hivyo hutegemea zaidi rutuba inayotoka kwa viumbe wa udongoni. Kwa lugha ya sokoni, katika kila magunia kumi ya nafaka, gunia moja ni jasho la nyungunyungu. Nakiri kwamba Ukambani na kaskazini mwa nchi, ambako ardhi hukauka kwa miezi mingi, kazi hiyo hufanywa zaidi na mchwa. Lakini Kisii, Kakamega, Nyeri, Meru na kwingineko kunakonyesha vizuri, huyu ndiye kibarua asiyedai mshahara.

Je, plastiki humfanya nini? Nitaeleza kwa utaratibu, kwa kuwa katika jambo hili kuna wanaopiga mayowe na wapo wanaokoroma, na wote wawili hawamsaidii mkulima.

Mwaka wa 2016 Esperanza Huerta Lwanga na wenzake wa Wageningen walitangaza matokeo ya jaribio lililodumu siku 60. Walichanganya vichembe vya plastiki ya aina ile ile iliyotumika kutengeneza mifuko yetu pamoja na majani makavu ambayo ni chakula cha nyungunyungu, kwa viwango vya asilimia 7, 28, 45 na 60 ya uzito wa chakula. Kuanzia asilimia 28 kwenda juu, waliokufa walikuwa wengi kuliko wale wa asilimia 7 au wale waliopewa chakula safi, na ukuaji wao ukazorota. Uzazi haukuathirika. Mwaka uliofuata watafiti wa Uhispania na Ureno walitumia viwango vya chini mno, visivyozidi gramu moja ya plastiki katika kilo moja ya udongo. Hakuna nyungunyungu aliyekufa kwa sababu hiyo, wala uzito haukupungua kwa kiasi cha kutajwa. Lakini walipompasua na kumtazama kwa darubini, waliona majeraha katika utumbo na dalili za mwili unaopambana na adui.

Mwaka wa 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Anglia Ruskin, Uingereza, walipanda nyasi katika udongo wenye nyungunyungu na kuutia plastiki. Baada ya siku 30, wale waliokuwa katika udongo wenye plastiki ngumu, ya aina inayotengenezewa chupa na vifuniko, walikuwa wamepungua uzito kwa kiasi cha asilimia 3, ilhali wenzao katika udongo safi walinenepa kwa asilimia 5. Udongo wenyewe uligeuka kuwa na uchachu zaidi. Hilo la uchachu lilinishtua kuliko la uzito. Udongo wa magharibi mwa Kenya tayari una uchachu unaowasumbua wakulima wa mahindi, kiasi cha kushauriwa na maafisa wa kilimo kuutia chokaa, na nyungunyungu si rafiki wa udongo mchachu. Mzigo huu wa pili haukuhitajika.

Isitoshe, kiumbe huyu hujiumiza kwa bidii yake mwenyewe. Matthias Rillig wa Berlin, ambaye tangu 2012 amekuwa akiwahimiza wenzake wageuze macho kutoka baharini na kutazama nchi kavu, alionyesha pamoja na wenzake mwaka wa 2017 kwamba vichembe vilivyonyunyizwa juu ya udongo vilisafirishwa na nyungunyungu hadi chini kabisa ya chungu katika muda wa wiki tatu, na kadiri kichembe kilivyokuwa kidogo ndivyo kilivyofika mbali. Yale yale mashimo tuliyoyasifu kwa kupitisha mvua huwa barabara ya kuiteremsha plastiki. Kwa hivyo mkulima anayedhani ataiokota plastiki yake msimu ujao na ajue kwamba kibarua wake keshaizika.

Sasa nifike Mexico, katika jimbo la Campeche, ambako watu wa vijijini huishi maisha ambayo mkazi wa Vihiga au Murang'a angeyatambua mara moja: nyumba, bustani nyuma ya nyumba, kuku wanaochakura, na taka za plastiki zinazochomwa na kuzikwa papo hapo uani kwa sababu hakuna lori la kuzizoa. Huerta Lwanga na wenzake walipima udongo wa bustani hizo na kuchapisha matokeo mwaka wa 2017. Katika gramu moja ya udongo kulikuwa na vichembe 0.87 kwa wastani. Katika gramu moja ya kinyesi cha nyungunyungu, vichembe 14.8. Katika gramu moja ya kinyesi cha kuku, vichembe 129.8. Msomaji na azisome tena tarakimu hizo, kwa maana ndizo kiini cha makala haya. Plastiki iliyotawanyika kwa uchache udongoni hukusanywa na mnyoo, na kuku, ambaye hula mnyoo na hudonoa kila kitu kilicho chini, huirundika zaidi.

Watafiti hao waliendelea kuzipasua firigisi za kuku hao, wakapata kiasi cha vichembe 10 katika kila moja. Katika jamii nyingi za magharibi mwa Kenya firigisi ni haki ya mwenye nyumba; mke akiila kwa siri ni kesi ya wazee. Nimewahi kushuhudia harusi ikikaribia kuvurugika kwa sababu ya firigisi iliyopotea jikoni. Sasa heshima hiyo ya baba huja na plastiki ndani yake, kama kuku alichakura katika ua uliochomewa taka. Simwambii mtu asile firigisi. Kuiosha vizuri na kulivua lile ganda la ndani kabla ya kupika ni jambo ambalo mama zetu wamelifanya siku zote, na lina faida.

Wapo watakaosema, na wana haki, kwamba hakuna shamba lenye asilimia 60 ya plastiki katika chakula cha nyungunyungu, na kwamba viwango vingi vya maabara ni vikubwa kupita vile vya mashamba ya kawaida. Ni kweli. Mimi mwenyewe siamini kwamba nyungunyungu wa Kenya wako karibu kumalizika kwa sababu ya plastiki. Jembe la trekta linalogeuza udongo kila msimu, dawa za kuua wadudu, na mazoea ya kuchoma mabua na majani yaliyokuwa chakula chao vimewaua wengi zaidi, na itaendelea kuwa hivyo kwa muda. Hata hivyo, kuna tofauti moja ambayo haipaswi kupuuzwa. Dawa huisha nguvu. Anayeacha kuitumia humwona nyungunyungu akirudi baada ya misimu michache. Plastiki haipungui. Kila mwaka huongezewa nyingine juu yake, na hakuna chombo kilichobuniwa cha kuichuja katika ekari moja ya shamba. Kiwango kilicho kidogo leo kinakwenda upande mmoja tu.

Nacho kinaongezewa na nini, maadamu mifuko imekwisha? Hapa ndipo ningependa tuache kumtazama mwenye duka na tutazame shamba lenyewe. Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) lilitoa ripoti Desemba 2021 ikisema kwamba kilimo na ufugaji duniani hutumia tani milioni 12.5 za plastiki kila mwaka. Sehemu ya tani hizo iko Naivasha, katika mabanda ya maua yaliyoezekwa kwa sandarusi, ambayo jua huila na kuifanya iwe ya kuvunjika kama kaukau. Sehemu nyingine ni mipira ya kunyunyizia maji kwa matone, nyavu za kivuli, na vile vimfuko vyeusi vya miche ambavyo mkulima huchana wakati wa kupanda na kuviacha papo hapo kando ya shimo. Tumepanda miti kwa mamilioni, na jambo hilo ni jema. Lakini mara ngapi tumeona mche ukipandwa na mfuko wake ukiachwa chini yake kama kitovu?

Kisha kuna gunia. Zamani mahindi yalifungwa katika magunia ya katani, ambayo yakichakaa hutupwa shambani yakawa mbolea. Siku hizi gunia ni la nyuzi za plastiki zilizofumwa, na hata mbolea ya ruzuku, ile iliyouzwa kwa Sh2,500 kwa mfuko wa kilo 50 mwaka wa 2023, huja katika gunia la aina hiyo. Gunia hilo halitupwi. Sisi si watu wa kutupa gunia. Hubebewa viazi, hukaushiwa mahindi, hutandikwa chini ya maharagwe yanapopurwa, huzibia banda la kuku, na jua likilichosha huanza kumwaga nyuzi nyeupe kama nywele za mzee. Kila nyuzi inayoanguka hukatika mara mia. Kibera na Mathare kuna akina mama wanaokuza sukuma wiki ndani ya magunia yaliyojazwa udongo, ubunifu ambao nausifu kwa moyo wote kwa kuwa umelisha watoto wengi. Ila gunia lililokaa juani miaka miwili huwa ni sehemu ya udongo kabla mwenyewe hajatambua.

La nne, na ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, ni mboji ya mjini. Zaidi ya nusu ya taka za Nairobi ni mabaki ya vyakula na vitu vingine vinavyooza, ambavyo vingeweza kurudi mashambani vikiwa mbolea. Badala yake huchanganywa na nepi, pakiti za maziwa na vifuniko vya chupa, na kupelekwa Dandora, jaa ambalo lilitangazwa kuwa limejaa tangu 2001 na ambalo lingali likipokea. Wapo wafanyabiashara wanaochekecha mboji hiyo na kuiuza. Niliwahi kununua gunia moja kwa mchuuzi ambaye sitamtaja, nikalimwaga juu ya karatasi nyeupe kwa ajili ya vitalu vyangu vya mchicha. Rangi nilizoziona humo hazikutoka kwa mmea wowote. Chekecheke huzuia kifuniko cha chupa; haizuii kilichotoka kwenye kifuniko hicho.

Ulaya nako si kwema, ijapokuwa wao waliingilia mlango mwingine. Huko tope linalobaki baada ya kusafishwa kwa maji taka hutumika kama mbolea, nalo limejaa nyuzi za nguo za poliesta zilizotoka katika mashine za kufulia. Makadirio ya 2016 yalionyesha kwamba mashamba ya Ulaya huweza kupokea kati ya tani 63,000 na tani 430,000 za vichembe vya plastiki kila mwaka kwa njia hiyo. Angalau wamejaribu kuweka mpaka katika mbolea inayouzwa. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2019 kuhusu mbolea, iliyoanza kutumika 2022, iliweka kikomo cha gramu 3 za plastiki katika kilo moja ya mboji kavu, na kikomo hicho kikapangiwa kushuka hadi gramu 2.5 Julai 2026. Kasoro yake ni kwamba huhesabu vipande vinavyozidi milimita 2 pekee. Vile anavyoweza kuvimeza nyungunyungu bila shida havihesabiwi.

Sisi tunayo Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, na si sheria mbaya. Inamtaka kila mwenye nyumba atenge taka zinazooza na zile zisizooza, na inazibebesha serikali za kaunti jukumu la kuzikusanya zikiwa zimetengwa. Nenda mtaa wowote ukaulize ni lori gani linalokuja na sehemu mbili. Mwananchi atatengaje takataka zake asubuhi ili zichanganywe tena mchana mbele ya macho yake? Sheria hiyo ikitekelezwa kwa dhati katika masoko peke yake, Wakulima, Kongowea na Kibuye, ambako sehemu kubwa ya taka ni majani na maganda, tutapata mboji safi kwa maelfu ya tani bila kumsumbua mwenye nyumba hata mmoja. Ningeanzia hapo, na ningemtaka gavana yeyote anayezungumza juu ya rutuba aanzie hapo.

Na pana amri ya Aprili 2024, ambayo ilipita bila mjadala wa kutosha. Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) iliagiza kwamba taka zinazooza zitiwe katika mifuko inayooza kwa asilimia 100 pekee, na ikatoa muda wa siku 90. Nia yake naiunga mkono. Mfuko ukioza pamoja na maganda yaliyomo, mboji itakuwa salama. Lakini neno "kuoza" limekuwa kama neno "asilia" katika matangazo ya sabuni: kila mtu hulitumia, na kila mtu ana maana yake.

Yule Richard Thompson tuliyemtaja mwanzoni, akiwa na mwenzake Imogen Napper, alifukia ardhini mifuko ya aina mbalimbali iliyodaiwa kuoza. Matokeo yao ya 2019 yalionyesha kwamba baada ya miaka mitatu, mfuko uliouzwa kwa sifa ya kuoza ulikuwa bado unaweza kubeba bidhaa kutoka dukani. Hata ule wa kutengenezewa mboji ulikuwa ungalipo baada ya miezi 27, ingawa ulichanika ulipopakiwa mzigo. Zipo plastiki zinazotokana na mimea ambazo huoza vizuri katika mitambo maalumu yenye joto la nyuzi karibu 58, na joto hilo halipatikani katika udongo wa Limuru. Katika lile jaribio la Anglia Ruskin, plastiki mojawapo ilikuwa ya aina hiyo, itokanayo na wanga wa mimea, na ndiyo iliyofanya mbegu chache zaidi zichipue na nyasi zisirefuke.

Mfano wa mwisho ni wa 2024. Watafiti wa Plymouth na Bath waliwaweka nyungunyungu pamoja na nyuzi za nguo, kwa kiwango kikubwa, kwa saa 72. Waliokufa kwa nyuzi za poliesta, ambayo ni plastiki halisi, walikuwa asilimia 30. Kwa nyuzi za laioseli, zinazotokana na miti na kusifiwa kuwa rafiki wa mazingira, walikuwa asilimia 60. Na kwa zile za viskosi, nazo za miti, asilimia 80. Simaanishi kwamba tuirudie poliesta. Namaanisha kwamba kitu hakiwi salama kwa sababu tu chanzo chake ni mti, na kwamba mbadala wowote unaoletwa nchini kwa jina la mazingira sharti upimwe kwa kiumbe atakayeumeza, kabla haujaamriwa kwa wananchi wote.

Upimaji huo hauhitaji fedha za Benki ya Dunia. Nyungunyungu ni rahisi kufuga, na jaribio la siku 60 linaweza kufanyika katika ndoo. Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo (KALRO) lina maabara za udongo, Egerton na Chuo Kikuu cha Nairobi wana wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu, na nchi ina aina zake za nyungunyungu ambazo si zile za bustani za Ulaya. Mkulima naye anaweza kuchimba shimo la futi moja kila upande mvua inapokolea, amwage udongo juu ya gunia, na ahesabu. Akifanya hivyo kila mwaka mahali pale pale na kuandika, atakuwa na kumbukumbu ambayo wizara haina.

Kimataifa sina matumaini makubwa. Machi 2, 2022, hapa hapa Gigiri, mataifa yalikubaliana kwa shangwe kuandika mkataba wa kukomesha uchafuzi wa plastiki. Yalikutana tena Nairobi Novemba 2023, yakaenda Busan mwishoni mwa 2024, yakaenda Geneva Agosti 2025, na kote huko yakaachana bila mkataba, kwa sababu wanaochimba mafuta hawataki kusikia habari ya kupunguza utengenezaji wa plastiki na wangependa tuzungumzie taka tu. Kenya imekuwa upande unaofaa katika ubishi huo, na itabaki na sauti zaidi ikiwa nyumbani kwake itakuwa imepima udongo wake.

Kwa hivyo swali langu kwa NEMA, na ningeomba lijibiwe kwa maandishi ili kaunti na wauzaji wa mboji walione, ni hili: mifuko inayoruhusiwa chini ya amri ya 2024 ilijaribiwa katika udongo gani wa Kenya, kwa miezi mingapi, na je, katika udongo huo kulikuwamo nyungunyungu?